Muswada wa Mwanafunzi: Uandishi wa Sheria au Zoezi la Ufasaha?

Mjadala kuhusu Kiswahili cha sheria umetawaliwa kwa muda mrefu na suala la istilahi. Imeulizwa mara nyingi kama lugha hii ina maneno ya kutosha kubebea dhana za mahakamani na bungeni, na orodha za maneno zimetungwa ili kujibu swali hilo. Swali lililopata nafasi ndogo ni la uandishi wenyewe: mhitimu wa Kiswahili, au wa sheria, amewahi lini kukaa chini akaandika kifungu cha sheria kwa Kiswahili, akakitetea mbele ya wenzake, kisha akakiandika upya baada ya kuoneshwa tundu lake? Nchini Marekani liko zoezi la namna hiyo ambalo wanafunzi wa shule za sekondari wamekuwa wakilifanya kwa zaidi ya miaka 80. Makala haya yanadai kwamba zoezi hilo linafaa kuigwa katika idara za Kiswahili, lakini si kwa sura lililo nayo huko, kwa kuwa huko kalamu imemezwa na ulimi.

Chimbuko lake ni mashindano ya kuhutubia na kulumbana. Chama cha National Forensic League, kilichoasisiwa mwaka 1925 na Bruno E. Jacob wa Ripon College, jimboni Wisconsin, kilianzisha bunge la wanafunzi katika mashindano yake ya kitaifa mwaka 1938. Tangu mwaka 2014 chama hicho kinaitwa National Speech & Debate Association, na bunge lile bado ni moja ya matawi ya mashindano yake. Wanafunzi huketi kama wawakilishi au maseneta, humchagua mwenyekiti miongoni mwao, na hujadili miswada na maazimio ambayo yameandikwa na wanafunzi wenyewe. Kila msemaji hupewa dakika tatu, na baada ya hotuba huulizwa maswali. Mada ni zile zinazolishughulisha taifa lao: nishati ya nyuklia, mikopo ya wanafunzi wa vyuo, uhamiaji, bei za dawa, namna ya kumchagua Rais.

Kinachostahili kuangaliwa na mwanaisimu ni umbo la muswada wenyewe. Kwa kawaida huwa wa ukurasa mmoja, mistari yake ikiwa imepewa namba. Huanza kwa fomyula ya kutunga sheria, kisha hufuata vifungu: cha kwanza hueleza jambo linaloamriwa, cha pili hufasili maneno yanayohitaji kufasiliwa, cha tatu hutaja idara ya serikali itakayosimamia utekelezaji, cha nne hutaja tarehe ya kuanza kutumika, na cha mwisho hutangaza kuwa sheria zote zinazopingana na muswada huo zimebatilika. Azimio lina umbo jingine: hutanguliwa na msururu wa sababu, kila moja ikianza na neno lenye maana ya 'kwa kuwa', ndipo lifuate tamko. Tofauti hii si ya mapambo. Azimio linaruhusu mtu kutamani, ilhali muswada humlazimisha aseme nani afanye nini, lini, na kwa mamlaka gani.

Mfano mmoja unatosha kuonesha jinsi umbo hili linavyoweza kumfunza mwandishi wake. Mada inayorudi mara kwa mara katika mabunge hayo ni ya kushusha umri wa kupiga kura hadi miaka 16. Mwanafunzi anayeanza huandika kwamba umri wa kupiga kura katika chaguzi zote za Marekani utakuwa miaka 16. Maneno 'chaguzi zote' yanauua muswada wake. Katika kesi ya Oregon dhidi ya Mitchell ya mwaka 1970, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Kongresi ina mamlaka ya kuweka umri wa wapiga kura katika chaguzi za kitaifa, lakini haina mamlaka hayo katika chaguzi za majimbo. Ilikuwa ni kwa sababu ya mkanganyiko uliotokana na hukumu hiyo, yaani uwezekano wa kuwa na madaftari mawili ya wapiga kura katika kituo kimoja, ndipo Marekebisho ya 26 ya Katiba yakapitishwa mwaka 1971, yakikataza kumnyima kura mtu wa miaka 18 au zaidi kwa sababu ya umri. Marekebisho hayo hayakukataza kushuka chini ya 18; mji wa Takoma Park katika jimbo la Maryland ulifanya hivyo kwa chaguzi zake za mitaa mwaka 2013. Kwa hiyo mwandishi wetu kijana ana njia mbili. Aandike muswada unaohusu chaguzi za kitaifa peke yake, au aache muswada na aandike azimio la kurekebisha Katiba, ambalo huhitaji theluthi mbili ya kila nyumba ya Kongresi na kuridhiwa na majimbo 38 kati ya 50.

Akishachagua njia ya kwanza, kifungu cha tatu kinamsubiri. Idara gani itasimamia? Chaguzi za Marekani huendeshwa na majimbo na wilaya zao. Tume ya kusaidia uchaguzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002 haina mamlaka ya kuandikisha mpiga kura hata mmoja. Mwanafunzi anayejaza pengo hilo kwa jina la wizara yoyote inayomjia akilini amekwisha kushindwa, hata kama ukumbi utampigia makofi. Anayetafuta hadi akajua kuwa ni lazima majimbo yapewe wajibu, na Wizara ya Sheria ipewe uwezo wa kuyashtaki yanapokaidi, amejifunza jambo kuhusu dola yake ambalo hotuba kumi zisingemfunza.

Kifungu cha mwisho, kwa upande mwingine, ni kasoro iliyogeuzwa kuwa desturi. Kutangaza kwa sentensi moja kwamba kila sheria inayopingana na hii imebatilika ni kukwepa kazi iliyo ngumu kuliko zote katika uandishi wa sheria, nayo ni ya kupekua sheria zilizopo, kuzitaja kwa majina na vifungu, na kusema neno gani litolewe na lipi liwekwe mahali pake. Mwandishi wa sheria wa serikali hutumia majedwali marefu kwa kazi hiyo. Mwanafunzi anapewa fagio moja la kufagilia nyumba nzima gizani, naye hana sababu ya kuuliza kuna nini ndani.

Kasoro kubwa zaidi imo katika utoaji wa alama. Waamuzi hupima hotuba na kazi ya uenyekiti. Muswada kama maandishi haupimwi. Muswada ukipita au ukianguka, mwandishi wake hapati wala hapotezi. Kanuni zinaruhusu hoja za marekebisho kuletwa kwa maandishi, zikiungwa mkono na theluthi moja ya wajumbe, na namba za mistari zimewekwa kwa ajili hiyo hiyo, lakini ni nadra kwa nafasi hiyo kutumiwa. Na kwa nini itumiwe? Dakika zinazotumika kusahihisha neno moja katika mstari wa saba ni dakika ambazo mtu angehutubia na kupewa alama. Matokeo yake ni kwamba muswada mbovu unajadiliwa kwa saa nzima na wasemaji fasaha, wengine wakiupinga kwa ubovu huo huo, na unatoka ukumbini ukiwa na ubovu ule ule ulioingia nao.

Watetezi wa mashindano hayo huweza kujibu kwamba lengo lake ni kulea raia wanaoweza kusimama na kusema, na kwamba waandishi wa sheria hufunzwa mahali pengine. Hoja hiyo ina uzito huko, ambako lugha ya sheria imekwisha kuandikwa kwa karne kadhaa na mahali hapo pengine papo. Uzito wake unapungua sana ikivushwa hadi Tanzania.

Kwa miaka mingi wabunge wa Tanzania walijadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 1977 ina matini ya Kiswahili, na sheria kadhaa zilitungwa au kutafsiriwa kwa lugha hiyo, lakini Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, iliruhusu lugha zote mbili, na uzito ukaelemea upande mmoja. Mwaka 2021 Bunge liliirekebisha Sura hiyo na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na ya utoaji haki mahakamani, huku nafasi ya Kiingereza ikibakizwa pale inapolazimu. Hatua hiyo ilipokewa kwa shangwe katika idara za Kiswahili, na ilistahili shangwe hizo. Lakini sheria haijiandiki. Elimu ya sheria vyuoni imeendelea kutolewa kwa Kiingereza, na masomo ya Kiswahili yamejikita katika fasihi, isimu na tafsiri. Mtu anayetakiwa na marekebisho yale ya 2021, yaani yule anayefikiri kifungu kwa Kiswahili tangu mwanzo badala ya kukifasiri, hana darasa lake.

Haitoshi kudhani kwamba mjuzi wa sarufi atalimudu jukumu hilo bila mazoezi. Chukua kiambishi -ta-. Katika sheria za Kiswahili hicho ndicho kibebacho amri: Waziri atatunga kanuni, Bodi itakutana mara nne kwa mwaka. Katika lugha ya kila siku kiambishi hicho hicho hutabiri tu, na aliyesema 'atakuja' hakumwamrisha mtu. Kitenzi 'anaweza' nacho kinabeba uwezo wa mwili, ruhusa, na mamlaka ya kisheria kwa pamoja. Kwa upande mwingine lugha ina silaha ambazo Kiingereza hakina. Katika 'leseni ya gari iliyokwisha muda' kilichokwisha muda ni leseni; ikiandikwa 'lililokwisha muda' ni gari. Upatanisho wa ngeli unamaliza ubishi ambao kwa Kiingereza ungefika mahakamani. Silaha hiyo, hata hivyo, huwa butu panapokuwa na watu wawili wa ngeli moja: 'mlezi wa mtoto aliyehukumiwa' inamwacha msomaji asijue ni yupi aliyehukumiwa. Mambo kama haya yanajulikana darasani kama mifano ya sarufi. Ni mwanafunzi aliyeandika muswada, akaona mwenzake akiupenya kupitia mwanya huo, anayeyajua kwa namna nyingine.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ingefaa kuwa kitu cha kwanza kuwekwa mezani. Kifungu chake cha 13 kiliweka umri wa chini wa kufunga ndoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, kikiiachia mahakama nafasi ya kumruhusu aliyetimiza miaka 14, na cha 17 kilihusu ridhaa ya mzazi kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha; mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sasa mwanafunzi na aandike kifungu kipya. Jaribio la kwanza litakuwa pengine hili: 'Mtu yeyote hataoa kabla ya kutimiza umri wa miaka 18.' Linasikika kuwa la haki, kwa kuwa 'mtu' hana jinsia. Lakini kitenzi kinayo. Katika Kiswahili sanifu aoaye ni mwanamume, na mwanamke huolewa. Mwanamume wa miaka 40 aliyemwoa binti wa miaka 15 hajavunja kifungu hiki, maana yeye aliyeoa ametimiza umri, na binti hakuoa. Muswada uliokusudiwa kumlinda msichana umemsahau yeye peke yake.

Mwenzake ataleta marekebisho: 'hataoa wala kuolewa'. Mwingine atapendekeza 'hatafunga ndoa', ambalo linawakusanya wote wawili. Hapo atainuka wa tatu na kuuliza habari za waliofanya ndoa hiyo iwezekane, na mnyambuliko wa Kiswahili utaanza kujipanga wenyewe kama orodha ya washtakiwa: aliyeoa, aliyeoza, aliyefungisha. Na yule aliyeolewa akiwa mtoto, je, ndoa ikitangazwa kuwa batili, itakuwa batili tangu mwanzo, au tangu siku ya hukumu? Watoto waliozaliwa humo watarithi? Neno 'batili' peke yake halijibu, na mwanafunzi atalazimika kuongeza kifungu kidogo ambacho hakukidhamiria alipoketi kuandika.

Zoezi la namna hii halihitaji ukumbi wa bunge wala majoho. Linahitaji saa mbili kwa wiki, sheria moja iliyopo iliyochapishwa, wanafunzi wa Kiswahili wakiketi pamoja na wa sheria, na kanuni mbili zinazokwenda kinyume na zile za Marekani. Ya kwanza ni kwamba hairuhusiwi kufuta sheria nyingine bila kuitaja kwa jina na kifungu. Ya pili ni kwamba alama haitolewi kwa hotuba. Hutolewa kwa nakala ya pili ya muswada, iliyoandikwa baada ya mjadala, ikiwa imeambatishwa nakala ya kwanza na marekebisho yaliyoletwa na wajumbe, yawe yamekubaliwa au yamekataliwa. Nakala hizo zikihifadhiwa katika maktaba ya idara kwa miaka mitano tu, watafiti wa uzamili watakuwa na hazina ya matini inayoonesha mahali ambapo Kiswahili cha sheria hukwama na namna wenye lugha wanavyokikwamua.