Dhahabu Yapimwa kwa Gramu, Watoto Wetu Hawahesabiwi



Sisi makarani wa migodi tunajua kuhesabu. Ndiyo kazi tuliyofundishwa na mapadri, ndiyo inayotulisha. Gramu ya dhahabu ina mstari wake katika daftari, lita ya mazuti ina mstari, hata koleo lililovunjika mpini lina mstari na sahihi ya aliyelivunja. Lakini mtoto wa mchimbaji akihara siku mbili, akafa alfajiri ya siku ya tatu, akazikwa kabla ya jua kuwa kali, hana mstari popote. Mama analia, majirani wanaleta mkeka, na kesho yake baba yuko shimoni.

Watu husema ni Mungu. Wengine husema ni meno yanaota, na wengine wanamtafuta jirani mwenye jicho baya. Hatubishani na imani ya mtu, lakini kinachoua na kisemwe wazi. Kwa kawaida mtoto anayehara hufa kwa kukaukiwa: maji na chumvi ya mwili vinatoka upesi kuliko vinavyoingia. Macho yanadidimia, utosi unabonyea, analia bila machozi, na ukiifinya ngozi ya tumbo hairudi upesi. Nasi wenyewe tunamharakisha. Tunamnyima maji ati tumbo lipumzike, tunampiga bomba la majani, tunamnunulia vidonge sokoni kwa mtu asiyejua kusoma karatasi ya dawa. Tunaandika haya kwa aibu, kwa maana hata katika nyumba za makarani yamefanyika.

Na dawa yake si siri. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowakimbiza watu kwa mamilioni kuingia India, kolera iliwashika katika kambi ya Bangaon. Maji ya kutia mshipani yalipopungua, Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru maji, chumvi na sukari ya glukozi vichanganywe, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa vikifika 30 kwa wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Sababu ni kwamba sukari hufungua mlango katika utumbo, na chumvi na maji hupita pamoja nayo, hata mtu akiwa bado anahara.

Mwaka uleule madaktari wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp walianza kazi yao hapa Kasongo pamoja na waganga wetu: dispansari za karibu na watu, na hospitali nyuma yake. Ilikuwa mojawapo ya mifano iliyosaidia kupanga zoni za afya za nchi nzima miaka ya 1980. Mwaka 1981 waliandika katika gazeti la Lancet juu ya watoto wa Kasongo wenye miezi 7 hadi 35 waliochanjwa surua. Walisema kwamba baadhi ya waliookolewa na chanjo walionekana kufa baadaye kwa mambo mengine. Wataalamu wengine waliwapinga vikali, na chanjo ya surua imeokoa watoto wengi mno duniani. Mtu asitumie maneno yetu kumzuia mama asichanje. Sisi tunashika swali lile tu: mtoto akiisha kuiponyoka surua, ni nini kinamngoja nyumbani? Kinamngoja kikombe cha maji ya kijito.

Nendeni mkatazame vijito vya Salamabila. Juu watu wanaosha mchanga wa dhahabu na kujisaidia kando ya mashimo. Chini mama anateka bidoni la kupikia. Tunajua mgodi mmoja, jina tunaliacha, ambamo mashine ya kuosha mawe haijanyimwa maji hata siku moja, na kambi ya wafanyakazi haina bomba moja. Tukiuliza tunaambiwa fedha hazipo. Sisi ndio tunaoandika fedha, jamani!

Wazee wengine husema enzi za Wabelgiji kampani za bati zilikuwa na dispansari kambini. Ni kweli, kwa kuwa mwenye homa hachimbi. Lakini wazee wetu hawakudai uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ili tuje kuhesabiwa vibaya kuliko alivyotuhesabu Mbelgiji.

Wala mtu asituambie haiwezekani. Karibu mwaka 1980 kuhara kuliua watoto wa chini ya miaka 5 wapatao milioni 4.6 kila mwaka duniani. Siku hizi ni kama 440,000. Waliosalia ni wa watu kama sisi. Chanjo ya rotavirusi imeingia katika Kongo yetu mwaka 2019. Basi tunadai pakiti za chumvi ya kunywesha na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14 visikosekane katika dispansari yo yote, na mwenye mgodi achimbe visima na vyoo kabla ya kuchimba shimo jipya.

Wakati tunangoja, mama zetu washike hili: maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Mnyonyeshe, mpe kidogo kidogo, hata akitapika ungoje kidogo urudie. Akiona damu au akilegea, mkimbize kwa mganga. Na angalieni kipimo: chupa ya Primus ni sentilita 72, haifiki lita. Pakiti nzima ndani ya chupa hiyo ni chumvi nyingi mno kwa mtoto.

Sasa tumefungua daftari. Kila aliyefiwa na mtoto kwa kuhara, wa Wamaza, wa Kabambare, wa mjini Kasongo, alete mambo manne: kijiji, umri wa mtoto, siku alizohara, na maji ya kunywa yalitoka wapi. Jina si lazima. Likijaa tutaliweka mezani kwa mkubwa wa teritware na kwa mwenye mgodi, liwe pamoja na lile la dhahabu. Mistari ya kwanza tumekwisha kuiandika. Ni ya nyumba zetu wenyewe.