Wimbo ni wa Nani?

Wako wapenzi wa lugha wanaoshikilia kwamba wimbo ni mali ya aliyeuvumisha, na kwamba mtunzi asiyejulikana ameshindwa kazi yake. Kauli hiyo naipinga, na shahidi wangu ni Townes Van Zandt, mtunzi na mwimbaji wa muziki wa kantri aliyezaliwa Texas, Marekani, mwaka 1944.

Mwaka 1972 alitoa albamu yenye nyimbo “Pancho and Lefty” na “If I Needed You”. Sauti yake haikuzifikisha mbali. Mwaka 1981 Don Williams, ambaye Wakenya wengi humpenda kama mtu wa kwao, aliuimba huo wa pili pamoja na Emmylou Harris, nao ukavuma. Mwaka 1983 Willie Nelson na Merle Haggard waliupandisha ule wa kwanza hadi kileleni mwa chati ya kantri ya Billboard. Katika video yao Van Zandt yumo, ila kama mwigizaji wa nafasi ndogo. Mwenye nyumba kakaribishwa kwake kama mpita njia! Alifariki tarehe 1 Januari 1997, akiwa na miaka 52.

Nitaambiwa: bila Nelson na Haggard, nani angeusikia wimbo huo? Nakubali kuwa sauti hueneza. Lakini kueneza si kutunga. Harris alikwisha kuurekodi “Pancho and Lefty” kabla ya wawili hao. Basi kama wimbo ni wa mwimbaji, ni wa mwimbaji yupi? Sauti zilibadilika, maneno yakabaki, na maneno yana mwenyewe. Hata sheria ya Marekani yalitambua hilo: redio za kawaida zinapopiga wimbo, malipo humwendea mtunzi, si mwimbaji.

Sisi Waswahili hatuna udhuru. Lugha yetu hutenga kutunga, kuimba na kughani, na watunzi wengi wa tenzi walitia majina yao katika beti za mwisho ili wasisahauliwe. Iweje basi leo shairi lighaniwe jukwaani, mghani apigiwe makofi, na mtunzi asitajwe hata mara moja? Hiyo si heshima kwa shairi. Ni dhuluma yenye vigelegele.

Nasema wazi: jina la mtunzi litangulie ubeti wa kwanza. Alijuaye asitake kulitaja, na asilighani shairi hilo.