Maneno ya Barabara na Bandari: Kutoka Kilindini hadi Daraja la Nithi



Wasomaji wetu wapenzi, ni nadra siku hizi kukuta familia ya pwani isiyo na mtu wake upande wa mashariki ya Mlima Kenya. Wapo vijana wetu wanaosoma Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Chuka, wapo mabinti walioolewa Meru, na wapo wafanyabiashara wanaopanda huko kufuata nafaka, ndizi na miraa. Wengi wao huenda kwa basi na kurudi kwa basi. Sisi tuliobaki nyumbani huwaombea dua, kisha tukaisubiri simu ya kusema wamefika.

Wiki hii tumeona tuyazungumze maneno ambayo wahandisi huyatumia wanapojenga barabara na bandari. Huenda mama mmoja akauliza: maneno hayo yanatuhusu nini sisi wenye kulea? Jawabu letu ni kwamba asiyelijua jina la kitu hawezi kukiuliza, na asiyeweza kuuliza hupokea anachopewa. Barabara ikiwa mbovu huumia watoto wetu, na gati likijengwa vibaya hupoteza riziki waume zetu. Kwa hiyo maneno haya ni yetu pia.

Tuanze na msiba ambao wengi wetu hatujausahau. Jumapili ya tarehe 24 Julai 2022, wakati wa jioni, basi la abiria lililotoka Meru likija Mombasa lilitoka barabarani kwenye daraja la mto Nithi, baina ya Chogoria na Chuka, likaanguka bondeni. Walifariki watu zaidi ya 30. Haikuwa ajali ya kwanza mahali hapo. Baada yake serikali ilizungumza hadharani juu ya kusanifu upya daraja na barabara yake, maana yake ni kwamba lawama haikuwa ya breki na dereva peke yao. Umbo la mahali penyewe nalo lilitiliwa shaka. Kwa kulitazama umbo hilo, tutayaelewa maneno ya barabara moja baada ya jingine.

Neno la kwanza ni mteremko. Barabara ya Embu kwenda Meru huambaa ubavu wa mlima, na mlima huo unateremsha mito mingi: Thuci, ulio mpaka wa Embu na Tharaka Nithi, kisha Nithi yenyewe, Mutonga na mingineyo. Kila mto umechimba bonde lake. Basi barabara hushuka hadi mtoni, ikavuka, kisha ikapanda tena, na hali ni hiyo mara nyingi kabla ya kufika Nkubu. Wahandisi huupima mteremko kwa asilimia. Ukisikia mteremko wa asilimia 8, elewa kwamba kwa kila mita 100 unazokwenda mbele, barabara imeshuka mita 8. Asilimia chache zaweza kuonekana ndogo kwenye karatasi, lakini gari zito lililojaa abiria na mizigo huzihisi zote.

Hapo ndipo huja jambo la breki kuchoka. Breki huzuia gari kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Dereva akikanyaga breki mfululizo kuanzia kilele cha mteremko hadi chini, joto hupanda mpaka breki zinapoteza nguvu, na anapozihitaji kwa dhati hazishiki. Dawa yake ni kuingiza gia ya chini mapema, kabla ya kuanza kushuka, ili injini yenyewe izuie mwendo. Ndiyo maana kibao kinachomwamuru dereva atumie gia ya chini huwekwa juu ya mteremko. Kikiwekwa katikati kimechelewa.

Neno la pili ni kona, na ndani yake mna maneno mawili. La kwanza ni nusukipenyo, ambalo watoto wetu hulisoma katika hesabu za duara. Kila kona ni kipande cha duara. Nusukipenyo kikiwa kirefu kona huwa pana na pole, kikiwa kifupi kona huwa kali. La pili ni mwinuko wa kona. Gari linapozunguka hutaka kutupwa nje, kwa hiyo wajenzi huuinua ukingo wa nje wa barabara ili gari lilalie ndani. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa sana jambo hili. Katika mashindano ya mashua kule Lamu, upepo unapoiinamisha mashua upande wa demani, mabaharia hukimbilia joshini kwa uzito wao ili chombo kisipinduke. Mwinuko wa kona hufanya kazi hiyo hiyo kwa gari. Kona kali isiyo na mwinuko wa kutosha, ikakutana na mteremko mrefu unaoishia darajani, hukusanya hatari tatu mahali pamoja.

Neno la tatu ni umbali wa kuona, yaani urefu wa barabara ulio mbele ya macho ya dereva. Gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa magari ya abiria nchini Kenya, hupita takriban mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva akisita sekunde mbili tu, ameshakwenda zaidi ya mita 40 kabla mguu wake haujagusa breki. Tena mwendo ukiongezeka maradufu, masafa ambayo gari huyapita tangu breki kushika mpaka kusimama hayaongezeki maradufu. Huwa mara nne. Kwa sababu hiyo kilima kifupi kinachoficha kona, au migomba iliyooteshwa karibu mno na barabara, yaweza kuua bila ya mtu yeyote kukusudia.

Yako pia maneno ya kumwokoa aliyekwisha kosea. Bega la barabara ni ule ukanda wa pembeni ambao gari lililoharibika hujitenga. Ukingo wa chuma au wa zege huwekwa penye bonde ili gari lililoteleza lirudishwe ndani. Iko pia njia ya kujiokolea, ambayo nchi kadhaa zenye milima huijenga: ni kichochoro kinachochepuka kutoka mteremkoni, kikapanda juu na kujazwa mchanga au kokoto, ili gari lisilo na breki liingie humo na kuzama taratibu mpaka lisimame. Nahodha aliyekatikiwa na usukani karibu na ufuo huchagua kupanda mchanga kuliko kupiga mwamba. Akili ni moja, bara na baharini.

Tusiyasahau maji. Udongo mwekundu wa Embu na Meru una rutuba, na mvua za huko ni nyingi. Adui mkubwa wa lami ni maji yaliyotuama, hivyo barabara hupewa mgongo, yaani katikati huwa juu kidogo kuliko pembeni, maji yateremkie mtaroni. Mtaro huyapeleka kwenye kalvati, lile bomba au kijidaraja cha zege kinachopitisha maji chini ya barabara. Kalvati ikizibwa na takataka, maji hupanda juu, hula udongo ulio chini ya lami, na asubuhi moja barabara huonekana imetitia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tukumbuke kwamba maji yapitayo chini ya madaraja ya Thuci na Nithi huingia mto Tana, na mto Tana huja kumwagika baharini Kipini. Tope la mashamba ya Meru hufika mpaka kwetu.

Hapo ndipo barabara inapokutana na bandari. Neno la kwanza la bandari ni kina, yaani urefu wa maji kwenda chini. Jina la Kilindini lenyewe lahubiri jambo hilo: ni mahali penye kilindi. Wazee wetu walilitaja jina kwa kuijua hesabu. Mhandisi wa bandari hapimi kina cha maji kujaa, hupima cha maji kupwa, tena kupwa kwa bamvua, kwani meli kubwa iliyofungwa gatini haina pa kukimbilia maji yanapoondoka. Gati ni ule ukuta au jukwaa ambalo meli hufungwa ili ipakie na kupakua. Boya huonyesha njia salama ya kupita, na rubani wa bandari hupanda melini ili aiongoze kwa ujuzi wake wa mlango. Ukifikiri vizuri utaona kwamba boya ni ndugu wa kibao cha barabarani: vyote viwili humsemesha mgeni asiyeijua njia.

Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Kutoka hapo imekusudiwa barabara ipite Garissa mpaka Isiolo, mlangoni mwa Meru. Lakini kabla ya meli kuja ilibidi mlango wa bahari uchimbwe ili kina kiongezeke. Kazi ya kuchimba hutibua tope, na tope hufunika matumbawe na mazalio ya samaki. Wavuvi wa Lamu walipeleka malalamiko yao kortini, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwa ni pamoja na haki ya kupewa habari na kushirikishwa. Iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Walipofika mahakamani walilijua jina la kilichowapata, na kwa kulijua waliweza kudai.

Kwa hiyo tunawaomba mama na dada zetu wayashike na maneno manne ya makaratasi. Upembuzi yakinifu ni uchunguzi unaofanywa kabla ya ujenzi, kujua kama mradi unafaa na utamgharimu nani. Usanifu ni michoro na vipimo vyake. Hifadhi ya barabara ni ardhi ya pande mbili iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Mwanamke anayeuza ndizi Runyenjes au Nkubu ndani ya hifadhi ajue kwamba kibanda chake chaweza kuondolewa siku ya upanuzi. Ushirikishwaji wa umma ni ile mikutano ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeifanya kuwa haki ya raia. Mara nyingi mikutano hii huhudhuriwa na wanaume watupu, ilhali wanaovuka barabara na watoto kila asubuhi ni wanawake. Mwanamke mmoja akisimama akauliza, "Umbali wa kuona mbele ya kivuko cha skuli ni mita ngapi?" swali hilo litaandikwa, na lililoandikwa sharti lijibiwe.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika matawi ya imani. Na yasimuliwa mashuhuri juu ya Sayyidna Umar bin Khattab kwamba aliogopa kuulizwa na Mola wake kuhusu mnyama atakayejikwaa katika nchi ya Iraq, kwa nini hakumsawazishia njia. Ikiwa Khalifa aliyekuwa Madina aliogopa swali la mnyama aliye mbali, basi atakayeulizwa juu ya watoto wa watu ana mzigo mzito zaidi. Na tawakkul haiondoi wajibu wa kumfunga ngamia.

Yapo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya tangu wiki hii. Mtoto akipanda basi la kwenda Embu au Meru, mwambie afunge mkanda, si mpaka Nairobi tu, bali mpaka mwisho wa safari, kwani mabonde yako huko mwishoni. Anaporudi, mabonde ni ya mwanzo, wakati abiria bado wanapanga mizigo na kupiga soga. Afunge mkanda kabla basi halijaondoka. Ikiwezekana, achague safari itakayopita Chuka na Nithi mchana. Dereva akienda kwa fujo mteremkoni, abiria waseme kwa adabu na kwa pamoja, maana sauti ya mmoja hupuuzwa na sauti ya basi zima husikika. Nanyi mlioko nyumbani, msimpigie dereva mnayemjua simu akiwa njiani kumuuliza amefika wapi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki Nithi, awape subira waliofiwa, awalinde wasafiri wetu wa barabara na wa bahari, na awaongoze wenye kujenga wajenge kwa uaminifu.

Wabillahi tawfiq.