Anayetoa habari ya kuku waliokufa asipate hasara kuliko anayeficha

Kuku wakianza kufa ovyo katika boma moja mjini Baraka, mama mwenye nyumba haiti mkutano. Anayesinzia anachinjwa kabla hajafa, anapikwa. Wanaosimama bado wanapelekwa sokoni asubuhi kwa bei ya chini. Waliokwisha kufa wanatupwa ziwani au kwenye takataka. Ndivyo inavyofanyika Mboko, Sebele na Kazimia pia. Watu wanasema ni ule ugonjwa wa kuku wa kila mwaka, na maisha yanaendelea.

Mara nyingi wanasema kweli. Ugonjwa unaofagia kuku vijijini karibu kila mwaka ni kideri, ambao wataalamu wanauita Newcastle. Huo hauui mtu. Lakini kuna mwingine unaofanana nao sana: mafua ya ndege. Kuku anavimba kichwa, anakosa pumzi, anaharisha, au anaanguka tu bila kuonyesha dalili. Kwa macho hakuna mama, wala daktari wa mifugo, anayeweza kutofautisha magonjwa hayo mawili. Ni lazima kipimo kichukuliwe kooni mwa ndege, kiwekwe kwenye baridi, kifike maabara.

Hakuna anayesema hapa kwamba mafua ya ndege yamefika Baraka. Lakini si habari ya nchi za mbali tu. Januari 2017, Uganda ilitangaza ndege wa porini waliokufa kando ya Ziwa Victoria, kisha bata na kuku wa wafugaji. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, virusi hivyo vya H5N8 vilithibitishwa kwetu Kongo, katika vijiji vya Ituri kwenye Ziwa Albert. Ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia kila mwaka wanafuata maziwa haya, na Ziwa Tanganyika ni mojawapo. Bata wa nyumbani anaoga maji yaleyale, na anaweza kubeba virusi bila kuonekana mgonjwa.

Je, mtu anaweza kuambukizwa? Ndiyo, ila si kwa urahisi. Watafiti wameonyesha kwamba virusi vya ndege vinapenda kushika chini kabisa katika mapafu ya mtu, si puani na kooni. Ndiyo sababu ni vigumu mtu kumwambukiza mwenzake kwa kukohoa. Lakini ndugu yake H5N1, vikimpata mtu, vinaweza kuwa vikali sana: tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limehesabu wagonjwa zaidi ya 900, na karibu nusu walikufa. Na virusi vya mafua vinabadilika kila wakati. Ndiyo maana watafiti wanataka kuona kila kundi la kuku linalokufa mapema, kabla mabadiliko hayo hayajapata nafasi ndani ya miili ya watu.

Misri ndiyo nchi ya Afrika iliyopata wagonjwa wengi zaidi, zaidi ya 350. Wengi wao hawakuwa wafanyakazi wa mashamba makubwa. Walikuwa wanawake na watoto waliofuga kuku wachache nyumbani, wakawachinja na kuwanyonyoa wenyewe. Mtu wa Baraka akisikia hivyo anaona boma lake.

Hapa ndipo neno lenyewe lilipo. Utafiti wa mafua ya ndege hauanzi Kinshasa wala Geneva. Unaanza kwa yule mama aliyeamka akakuta kuku watano wamelala chini. Yeye ndiye wa kwanza kujua. Na leo hana sababu hata moja ya kusema.

Mfikirie mama aliyekimbia vita kwenye milima ya juu, anayelala na watoto katika nyumba ya familia iliyompokea. Kuku wake wanne ndio karo, ndio dawa, ndio chumvi. Usiku anawaingiza ndani wasiibiwe, kwa hiyo watu na kuku wanavuta hewa moja. Akitoa habari, anaogopa watakuja watu wa serikali wawaue wote, na asilipwe hata franka moja. Jirani zake watamkasirikia. Akinyamaza, angalau anauza wawili. Nani atamlaumu?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini methali hiyo inamlaumu mgonjwa peke yake. Iwaguse pia viongozi wanaofanya kusema ukweli kuwe hasara.

Wengine watasema: kuna vita, kuna kipindupindu, nani ana muda wa kuku? Wakumbuke Kamituga, kule Mwenga, jirani zetu. Mwaka 2023 aina mpya ya mpox ilianza kuenea pale bila kelele. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura kwa dunia nzima. Ugonjwa hausubiri vita viishe.

Mambo yanayotakiwa si makubwa. Ofisi ya kilimo, uvuvi na mifugo ya Fizi itoe namba moja ya simu, isomwe redioni kila wiki. Wale reko wa afya wanaopita nyumbani kuuliza habari za kuharisha waulize pia habari za kuku. Serikali ya jimbo na wafadhili waahidi wazi, kabla ugonjwa haujafika, kwamba kuku atakayeuawa kwa amri atalipwa haraka na kwa bei ya soko. Na shirika linalogawa kuku kwa familia zilizokimbia ligawe pamoja nao chanjo ya kideri: kuku wakichanjwa vizuri, vifo vya ghafla vitapungua, na vile vitakavyobaki vitaonekana kuwa si vya kawaida.

Wakati tunangoja, kuku aliyekufa mwenyewe asiliwe, asiuzwe, asitupwe ziwani. Azikwe ndani au achomwe, na anayemshika afunike mikono kwa mfuko wa plastiki, kisha anawe kwa sabuni au majivu. Watoto wasimchezee. Nyama ya kuku mzima iive kabisa, na mayai vilevile. Moto unaua virusi hivyo. Anayepata homa na kukohoa baada ya kushika kuku wagonjwa aende kituo cha afya, amwambie muuguzi wazi habari za kuku hao.

Mama ameombwa aseme. Sasa wenye ofisi nao waseme watamlipa nini.