Pori ni Shule ya Kwanza ya Mtoto

Kuna ugonjwa unaotuingia sisi wa Niemba, na afadhali tuutaje wazi. Tumeanza kuamini kwamba mtoto wa miaka minne aliyefungiwa ndani, macho kwenye ubao, akikariri Kifaransa asichokielewa, huyo ndiye anasoma. Na yule aliye nje na bibi yake, anayejifunza kutenga uyoga wa kuliwa na uyoga wa sumu, tunasema anapoteza wakati. Sisi tunasema kinyume chake, na tutaeleza juu ya nini.

Wazee wetu hawakuwa na neno «materneli», lakini kazi yake waliijua vizuri. Mtoto akishaachishwa ziwa alikabidhiwa bibi na wakubwa wake, na asubuhi wote walitoka pamoja. Alihesabu kwa kokwa za maembe: zangu ngapi, zako ngapi, nani ameniibia moja? Alifinyanga udongo, na vidole vikapata nguvu ambayo kesho ingeshika kalamu. Alitengeneza gari la mabua. Likikataa kutembea, alitafuta mwenyewe sababu. Mvua za kwanza zikinyesha alikimbilia kumbikumbi, akajua majira bila kalenda. Kwenye mto Lukuga alionyeshwa mpaka: hapa tunaoga, pale kuna mamba. Jioni vilikuja vitendawili. Basi hesabu ilikuwamo, lugha ilikuwamo, adabu pia. Kilichokosekana ni kitu gani?

Mtu asidhani tunasifu umaskini. Atazame kaskazini mwa nchi yetu, Ituri, kwa Wambuti, watu wa msitu kama Watwa wetu. Mwingereza Colin Turnbull, aliyekaa nao Epulu miaka ya 1950, aliandika juu ya «bopi», kiwanja cha watoto pembeni ya kambi. Hapo wakubwa hawajiingizi ovyo. Watoto wanapanda mti mchanga, wengi kwa pamoja, mpaka unainama karibu na ardhi. Halafu wote wanaruka mara moja. Anayesitasita anarushwa juu na mti unaporudi. Mchezo huo mmoja unafundisha ujasiri, kusikilizana na kuheshimu wakati. Ni mwalimu gani wa ubao anayeweza kufundisha hayo yote kabla ya saa nne ya asubuhi?

Na Ulaya je? Kule Denmark, miaka hiyohiyo ya 1950, mama mmoja, Ella Flautau, alianza kupeleka watoto msituni kila siku. Ujerumani ikafuata; shule ya msitu ya Flensburg ilitambuliwa na serikali mwaka 1993, na leo nchi hiyo ina shule za namna hiyo zaidi ya 1,000. Wazungu wanalipa ili watoto wao wapate matope, hata wakati wa baridi kali. Sisi tuliopewa matope ya bure tunalipa ili watoto wetu wasiyaguse!

Tunajua jibu tutakalopewa. «Mtoto wangu asomee mu pori? Yeye ni Mutwa?» Hapo ndipo penye kidonda. Aibu yetu haihusu pori, inahusu jirani. Tangu 2013 Waluba na Watwa wa Tanganyika wamemwagiana damu, vijiji na shule vikachomwa, watu wakakimbilia kambi za Kalemie. Dharau hii ndiyo iliyokuwa kuni za moto ule, na mtoto anaifunzwa nyumbani mapema kuliko alfabeti. Toka Julai 2022 nchi ina sheria ya kulinda haki za Watwa na wenzao wote wa msitu. Lakini sheria ya Kinshasa haitaondoa neno hilo mdomoni mwa mzazi. Litaondoka siku mtoto wa Muluba atakapomwita mama wa Kitwa «mwalimu», kwa sababu ndiye aliyemwonyesha asali iko wapi.

Wengine wanasema pori ni nyoka, ni mto, ni watu wenye silaha. Hao wana haki ya kuogopa, na hatuwacheki. Lakini hatusemi watoto wapelekwe mbali. Tunasema chini ya miembe, karibu na shule ya msingi, majani yakiwa yamefyekwa, watu wazima wawili wakiwa macho, na payoti ya kujikinga mvua. Ukitaka kumlinda mtoto na nyoka, mfundishe nyoka anakaa wapi. Ukimficha ndani hadi miaka sita, siku atakapotoka atamkanyaga.

Tena kuna suala la pesa. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi. Materneli haimo, na mzazi anabaki na mzigo. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa mwenye mshahara anaingia, wa mkulima anabaki. Miembe haiombi minervali. Kinachotakiwa ni maji safi, choo, na posho kwa wale mama wawili.

Hatupigani na kitabu. Kusoma na kuandika kuna wakati wake, na Kifaransa pia. Lakini samaki hukunjwa angali mbichi, si kabla hajavuliwa.

Kwa hiyo tunaiomba komite ya wazazi, madirekta wa shule na machifu wafanye mambo matatu. Kwanza, wachague uwanja mmoja wenye kivuli kwa watoto wa miaka mitatu mpaka mitano. Pili, mmoja wa wale mama wawili awe Mtwa, na posho yake iwe sawa na ya mwenzake. Tatu, asubuhi yote watoto wasemeshwe lugha wanayoota nayo usiku. Yeyote anayeona jambo hili ni aibu, aje tubishane mchana, chini ya mwembe huohuo, watoto wakitusikia.