Rangi na Jirani Yake



Kijana wa dada yangu anajifunza kazi ya kuandika vibao na matangazo. Juzi alirudi nyumbani amenuna. Alikuwa ameandika kibao cha zahanati, herufi nyekundu juu ya kijani. Kwa karibu kilipendeza sana. Lakini bibi mmoja, ajuaye kusoma vizuri, alikipita akiwa amembeba mjukuu mwenye homa, akaenda hadi njia panda ya pili ndipo akauliza zahanati iko wapi.

“Mjomba,” kijana akaniambia, “rangi ile nilinunua kwa bei kubwa. Kosa liko wapi?”

Nikamsimulia habari ya kweli. Huko Paris, Ufaransa, kuna kiwanda cha Gobelins, ambako hufumwa vitambaa vizito vyenye picha, vya kutundikwa ukutani. Mwaka 1824 mtaalamu wa kemia, Michel-Eugène Chevreul, aliwekwa kusimamia kazi ya kutia nyuzi rangi. Akakuta malalamiko: nyuzi nyeusi hazikolei! Chevreul akazilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine, akaona hazina kasoro. Ubaya ulitoka kwa jirani. Nyuzi zile zilifumwa kando ya buluu na zambarau, na hizo ndizo zilizoufanya weusi uonekane umefifia. Mwaka 1839 alitoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo.

Basi, rangi haikai peke yake. Jaribuni wenyewe. Tazameni kitambaa chekundu kwa nusu dakika bila kupepesa macho, kisha tazameni karatasi nyeupe. Mtaona kivuli cha kijani-kijani. Jicho limechoka na nyekundu, nalo laona kinyume chake.

Wachoraji wamezipanga rangi katika duara ili kinyume kijulikane upesi. Wazazi ni watatu: nyekundu, manjano na buluu. Manjano na buluu huzaa kijani. Nyekundu na manjano huzaa rangi ya chungwa. Nyekundu na buluu huzaa zambarau. Kila mtoto hutazamana na mzazi asiye wake. Kijani hana damu ya nyekundu, kwa hiyo nyekundu ndiye mpinzani wake. Vivyo hivyo buluu na chungwa, manjano na zambarau. Wapinzani wakikaa bega kwa bega, kila mmoja humchochea mwenzake. Katika ua la kitambaa huleta uchangamfu. Katika herufi, kingo huanza kutetemeka machoni, na msomaji huchoka.

Tena liko jambo kubwa kuliko hilo: weupe na weusi wa rangi. Nyekundu na kijani huweza kuwa mbalimbali kwa jina, lakini sawasawa kwa giza. Kwa mbali, au jua likizama, herufi humezwa. Na wako watu, hasa wanaume, waliozaliwa na macho yasiyotenganisha vizuri rangi hizo mbili. Kwao kibao kama kile ni ubao mtupu.

Kipimo ni rahisi. Rudi nyuma hatua thelathini, ufumbe macho nusu. Mwenye simu apige picha isiyo na rangi. Herufi zikipotea, usibadili kopo la rangi tu; badili ukoo: giza juu ya nuru, au nuru juu ya giza. Nyeusi juu ya manjano husomeka mbali sana, na buluu nzito juu ya nyeupe vilevile.

Kijana aliona uchungu kukifuta kibao chake, maana alikuwa amekipenda. Lakini alikifuta. Sasa ni buluu nzito juu ya nyeupe, bila ua wala pambo.

Nanyi vijana mnaojifunza kazi hii, kabla ya kuchovya brashi ulizeni: nani atasoma, akiwa mbali kiasi gani, na akiwa na haraka gani? Mwenye mgonjwa mgongoni hana nafasi ya kusifu rangi zetu. Anatafuta mlango.