Pikipiki ya kwanza Ikwiriri: Mstari wa cc 125 unaopuuzwa

KUFUNGULIWA kwa Daraja la Mkapa mwaka 2003 kulimaliza zama za kusubiri kivuko cha Ndundu na kuifanya Ikwiriri kuwa mji wa barabara kuu. Mabasi ya Lindi na Mtwara hupita katikati yake, na malori ya saruji na korosho huufuata mkondo huohuo kuelekea Dar es Salaam. Pembeni mwa lami hiyo ndipo kijana wa Rufiji anapoanza kujifunza kuendesha pikipiki.

Kijana huyo anapofika hatua ya kupata chombo, maswali yanayoulizwa kwanza ni ya biashara: bei yake ni kiasi gani, inabeba magunia mangapi, na hesabu ya siku kwa tajiri itapatikana? Swali la nani atakayeiendesha, na ana uzoefu wa siku ngapi, huja mwisho kama likija. Mpangilio huo wa maswali ndio unaomweka mwanafunzi juu ya injini asiyoimudu na, mara nyingi, asiyoruhusiwa na leseni yake.

Hakuna anayeweza kubishia umuhimu wa chombo chenyewe. Anayetoka Ikwiriri kwenda Utete, yalipo makao makuu ya wilaya, huvuka daraja hadi Nyamwage kisha huiacha barabara kuu. Anayekwenda Mloka hupita njia ya Mkongo. Vijiji vya bondeni na mashamba ya mpunga hayafikiki kwa basi. Mwaka 2017, wakati wa mauaji yaliyoitikisa Kibiti na maeneo jirani, Polisi walipopiga marufuku pikipiki kutembea usiku katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wananchi waliona wazi jinsi maisha yao yanavyotegemea magurudumu mawili.

Sokoni, uchaguzi unazunguka ujazo wa injini wa aina tatu: cc 100, cc 125 na cc 150. Boxer na TVS kutoka India zinapatikana kwa ukubwa wote huo, ilhali chapa za China kama SanLG zimejulikana zaidi kwa cc 125. Herufi hizo hupima nafasi iliyomo ndani ya silinda, ambamo mchanganyiko wa hewa na petroli huchomwa. Nafasi ikiwa kubwa, mafuta mengi zaidi huchomwa kwa mpigo mmoja na nguvu huongezeka. Injini ya cc 100 ya aina hizo hutoa takriban nguvu za farasi 8, na ile ya cc 150 hukaribia 12. Hiyo ni nyongeza ya karibu nusu, wakati uzito wa pikipiki zenyewe haupishani sana.

Sheria nayo imeuona mstari huo. Katika utaratibu wa leseni za udereva nchini, daraja A1 ni la pikipiki zisizo na kigari cha pembeni zenye injini iliyo chini ya cc 125, na daraja A ni la zile zinazozidi kiwango hicho. Pikipiki inayouzwa kwa jina la 125 kwa kawaida ina ujazo halisi wa takriban cc 124, hivyo huangukia A1. Ile inayoitwa 150, hata kama kadi yake inaonyesha cc 145, inahitaji daraja A.

Hapo ndipo mkataba wa bodaboda unapozua tatizo. Katika mpango huo ulioenea mijini na vijijini, tajiri hununua pikipiki na kumkabidhi kijana, naye hulipa kiasi maalumu kila siku au kila wiki hadi muda uliokubaliwa uishe na chombo kiwe chake. Tajiri hupendelea cc 150 kwa sababu hubeba zaidi na huchelewa kuchoka. Kijana aliyejifunzia pikipiki ndogo ya jirani na kupata A1, akifanikiwa kuipata, hukabidhiwa chombo ambacho leseni yake haikitambui.

Madhara yake hayaonekani hadi siku ya ajali. Mikataba ya bima kwa kawaida huweka sharti kwamba dereva awe na leseni halali ya daraja la chombo anachoendesha. Sharti hilo likivunjwa, kampuni ya bima hupata hoja ya kukataa kulipa. Tajiri hupoteza mtaji, abiria hubaki na jeraha, na dereva hubeba kesi, deni na mguu uliovunjika kwa wakati mmoja.

Kwa upande wa ufundi, hoja ya kuanza na injini ndogo haitokani na wepesi wa pikipiki pekee. Mwanafunzi hukosea, na kosa lake la kawaida ni kuachia klachi kwa ghafla huku mkono wa kulia ukiwa umevuta mafuta mengi. Kwenye cc 100, kosa hilo mara nyingi huishia kwenye mruko mfupi au injini kuzimika. Kwenye cc 150 kosa lilelile linaweza kumtupa aliyeketi nyuma au kukipeleka chombo katikati ya lami kabla dereva hajaikumbuka breki.

Jambo la pili ni mwendo. Sheria inataka kasi isiyozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na pikipiki zote tatu zinaweza kuivuka. Hata hivyo, mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, umbali wa kusimama kwa breki hauongezeki mara mbili, bali mara nne, na kishindo cha kugonga vilevile. Injini ndogo hufika huko kwa kusuasua, na kusuasua huko ndiko kunakompa mwanafunzi muda wa kufikiri.

Jambo la tatu ni udongo. Nje ya lami, maeneo ya juu ya Ikwiriri ni mchanga, na bondeni ni udongo mzito wa mbuga unaonata mvua zinaponyesha. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliwakumbusha wakazi wa Rufiji na Kibiti jinsi njia hizo zinavyoweza kugeuka tope au kutoweka kabisa. Mchangani, kinachomsaidia dereva ni gia ndogo, mafuta ya polepole na miguu inayofika chini. Kwa hiyo mtu mfupi anapaswa kukaa kwenye kiti cha pikipiki kabla ya kuuliza bei. Nyayo zote mbili zisipogusa ardhi, chombo hicho hakijamfaa, kiwe cha cc ngapi. Aidha, anayekamata breki ya mbele kwa nguvu mchangani huanguka. Fundisho hilo hupatikana kwa gharama ndogo zaidi kwenye mwendo mdogo.

Pamoja na hayo, injini ndogo si hirizi. Pikipiki ya cc 100 iliyopakiwa abiria wawili kwa mtindo wa mishkaki, au magunia mawili ya mkaa, hupoteza faida zake zote. Breki zake huelemewa, gurudumu la mbele huwa jepesi, na inapojaribu kulipita lori kwenye barabara kuu hukaa upande wa kulia muda mrefu kuliko inavyopaswa. Atakayekuwa akisafirisha mizigo mizito kwenda Utete au Mohoro kila siku ana sababu ya kweli ya kutaka cc 150. Kinachobishaniwa ni wakati wa kuipanda: kabla ya kujua kuendesha, au baada.

Wapo wanaohofia kwamba pikipiki ndogo itakosa fundi na spea. Historia inaonyesha vingine. Katikati ya miaka ya 1970, kampuni ya Honda ya Japani ilibuni CG125 kwa ajili ya nchi ambazo barabara zake ni mbaya na matengenezo ni haba. Injini yake ilifanywa rahisi na imara, na mnyororo ukafunikwa usiliwe na vumbi. Viwanda vingi vya China viliiga muundo huo, na ndiyo sababu injini nyingi za cc 125 zilizoenea Afrika Mashariki zina asili moja na hufunguliwa na fundi wa kawaida chini ya mwembe. Kwa mnunuzi wa Ikwiriri, swali la maana ni spea zipi zinapatikana mjini hapo bila kusubiri basi la Dar es Salaam.

Uchaguzi mzuri wa chombo hauwezi kuchukua nafasi ya mafunzo. Mwanafunzi anatakiwa kuwa na leseni ya kujifunzia na alama ya L, na mahali pake pa kuanzia ni uwanja wa wazi, si barabara ya malori. Kanuni za mwaka 2010 zinazosimamia pikipiki za abiria zinataka kofia ngumu kwa dereva na abiria. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kwa mji ulio takriban kilomita 170 kutoka Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), takwimu hizo zina uzito wa pekee, kwani majeruhi wa kichwa hushindana na saa.

Ufumbuzi haumtegemei kijana pekee, maana asiye na mtaji hachagui. Unamtegemea zaidi anayenunua. Tajiri anayemkabidhi mwanafunzi pikipiki ya cc 100 au 125 kwa miezi ya mwanzo, akakubali hesabu ndogo na kudai leseni inayolingana na kadi ya chombo, atapokea fedha pungufu kwa muda huo. Lakini pikipiki iliyopondeka chini ya lori hailipi hesabu yoyote, na familia ya aliyekuwa akiiendesha hubaki na hasara ambayo mkataba haukuiandika.